Siku Ishirini na Moja za Kunyamaza Garini

Kikundi cha wanandoa cha kanisa letu hukutana Jumapili ya mwanzo wa mwezi, baada ya ibada, katika chumba cha nyuma ambacho siku nyingine ni darasa la watoto wadogo. Tunakalia viti vya watoto hao, magoti yakikaribia masikio, na katikati huwekwa boksi la viatu lililotobolewa juu. Mwenye swali kuhusu ndoa yake huliandika kwenye karatasi bila jina na kulitumbukiza humo. Ni utaratibu mzuri, ila tuko jozi saba tu na kila mtu anaujua mwandiko wa mwenzake.

Swali la tatu siku ile lilisema hivi: "Je, mume asiyejua kuendesha gari anaruhusiwa kumfundisha mke wake barabarani?"

Kicheko kilianza kabla msomaji hajafika mwisho. Mimi pia nilicheka, kwa sekunde mbili hivi, nikidhani anachekwa mtu mwingine. Kisha nikamwona mke wangu akikagua kucha zake.

Msomaji alikuwa mzee wa kikundi chetu, dereva wa basi aliyestaafu. "Swali ni la nani hatutauliza," alisema, akinitazama mimi. "Lakini nimeendesha basi la ghorofa katika mji huu miaka ishirini na tisa. Limejaa juu na chini. Hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kunisaidia kukanyaga breki."

"Labda walikuwa wanaomba kimya kimya," nilisema.

"Basi na wewe omba kimya kimya, ndugu yangu."

Ilikuwa Januari, na Jumatano ile kanisa zima lingeanza mfungo wa siku ishirini na moja. Kila mtu alitakiwa kuacha kitu anachokipenda. Wengine waliacha nyama, wengine simu, mama mmoja aliacha tamthilia zake za jioni na mumewe akashuhudia kwamba nyumba ilikuwa na huzuni kama ya msiba. Mimi sikuwa nimechagua kitu, nikitumaini hakuna atakayeniuliza. Hukumu ikatolewa palepale kwamba nitafunga kusema garini. Bila "pole pole", bila "angalia", bila "Yesu".

"Hata Yesu?" niliuliza.

"Hasa Yesu," alisema mke wangu. Ndilo neno pekee alilolisema siku ile katika kikao.

Naomba nieleze makosa yangu mwenyewe kabla hajayaeleza mtu mwingine. Nimefanya mtihani wa udereva mara mbili katika mji huu. Mara ya pili mtahini alikanyaga breki ya upande wake, akakaa kimya mpaka tukarudi kituoni, kisha akanishukuru kwa adabu kubwa, kama wafanyavyo watu wa hapa wakitaka msionane tena. Tangu hapo, na ni miaka kumi na minne sasa, mke wangu huendesha na mimi hubebwa. Nakaa kushoto kwake, nimeshika kile kishikio cha juu ya mlango, mguu wangu wa kulia ukikanyaga zulia mahali ambapo breki ingekuwa kama kungekuwa na haki duniani. Nasoma vibao kwa sauti. Natangaza mabasi. Namwambia taa ni nyekundu wakati tayari tumesimama. Lakini yeye anasema hayo yote angeyavumilia. Asichoweza kukivumilia ni ile pumzi ninayoivuta kwa meno, ghafla, kama mtu aliyekanyaga msumari.

Mimi ni msomi wa aina fulani. Nafanya kazi katika maktaba ya chuo, na nimesoma mengi kuhusu hofu. Naweza kukueleza inakotoka, inakokaa mwilini na namna ya kuituliza kwa kuhesabu pumzi. Maarifa hayo yote hayajawahi kunifikisha salama kutoka Lewisham, tunakoishi, hadi Peckham, mtaa wa jirani.

Yeye kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Kila asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, hupita kwa wazee sita: anawaamsha, anawaosha, anawapa dawa na chai, anawakalisha dirishani. Nyumba hizo zimetawanyika katika mitaa ambayo basi likikushusha kwenye moja unahitaji nusu saa kuifikia nyingine. Alipoomba kazi hiyo walimuuliza mambo mawili tu, kama ana uvumilivu na kama ana leseni. Kabla ya hapo alikuwa akisafisha ofisi kabla jua halijatoka, haonani na mtu, hajulikani hata jina. Gari ndilo lililomtoa huko. "Hili gari ndiyo kazi yangu," huniambia kila ninapoanza kelele. "Wewe unaogopa kufa, mimi naogopa kurudi kwenye ndoo."

Kwa hiyo nilifunga, tena kwa bidii. Nilikalia mikono yangu. Nilijaribu kuimba tenzi kwa pua, akaniambia kuimba nako ni kusema. Nikaanza kuweka peremende mdomoni kila tunapofunga mikanda, na kuing'ang'ania kwa ulimi mpaka tufike. Jumapili ya kwanza tulipoegesha karibu na kanisa alizima injini, akanigeukia na kusema, "Umeona? Tumefika." Alilisema kwa upole ambao sikuwa nimeusikia garini kwa miaka mingi.

Na alianza kunisimulia mambo. Hilo sikulitarajia. Nilisikia habari za mzee anayekataa kuoga mpaka aimbiwe, na za bibi aliyekuwa mwalimu wa hesabu na ambaye bado humsahihisha mke wangu anapohesabu vidonge. Nikagundua kwamba hakuwahi kunisimulia kwa sababu kila hadithi yake niliikata katikati kwa kutangaza basi. Niliona haya. Niliweka peremende ya pili.

Wiki ya pili, tulipokuwa tunakata kona kuingia mtaa wetu, gurudumu la nyuma la kushoto lilipanda ukingo wa njia ya miguu na kushuka kwa kishindo. Siku mbili baadaye kioo chetu cha pembeni, cha upande wangu, kilipiga kioo cha gari la mizigo lililoegeshwa. Vyote viwili vilijikunja. "Watu wanaegesha ovyo," alisema. Mimi nilinyonya peremende. Na mkumbuke kwamba kwa abiria mwoga kila gari limeegeshwa ovyo na kila kona ni nyembamba. Sikuwa na kipimo. Kama kila siku unaona ajali ishirini, ya ishirini na moja haikushtui zaidi.

Alhamisi nilirudi kutoka kazini nikakuta mlango wa kushoto una mchubuko wenye urefu wa mkono wangu.

"Nini hii?"

"Nguzo."

"Nguzo gani?"

"Nguzo ya watu, baba. Na mfungo wako haujaisha."

Hapo ndipo nilipopaswa kukaa chini nifikiri. Sikufikiri. Nilikuwa nahesabu siku kama mwanafunzi anayengoja likizo. Kanisani, kwenye foleni ya chai, dereva mstaafu alikuwa amenishika mkono na kuniambia ninaendelea vizuri, na mimi nikajiona mtu wa nidhamu.

Siku ya kumi na nane ilikuwa Jumamosi. Mchana tulikuwa tunakwenda Peckham kununua unga na sukuma wiki. Tulifika mahali pa kukata kushoto, penye duka la nywele pembeni, na mwanamume mmoja mwenye koti la mvua la kijani alikuwa anakuja kwa baiskeli upande wangu. Nilimwona mapema. Mimi huwaona watu wote. Nilimwona kwenye kioo, kisha mlangoni pa nyuma, kisha karibu na goti langu kabisa. Taa ya kukata kona ilikuwa inalialia. Mke wangu akaanza kuzungusha usukani.

Nikangoja.

Nataka nilieleze hili sawasawa. Sikuganda kwa hofu, maana hofu ningeielewa. Nilifikiri. Nilijiambia kwamba amemwona, kwamba yeye ndiye dereva na mimi ndiye mwenye mitihani miwili niliyoanguka, kwamba zimebaki siku tatu, na kwamba nikifungua mdomo sasa nitarudi kwenye kile kiti cha mtoto nikichekwa na jozi sita. Ni mawazo mengi kwa pumzi moja, lakini nimesoma.

Kisha nikapiga kelele. Alikanyaga breki. Mwenye baiskeli alipiga boneti yetu kwa kiganja, akatutajia mama zetu, akaenda zake. Gari la nyuma likatupigia honi.

Nilingoja nigombezwe kwa kuvunja mfungo. Mke wangu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na hakuwa ananitazama.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimesema."

"Mapema. Kwa nini hukusema mapema?"

"Nimefunga, mama."

"Wewe siku zote unasema mapema."

Tulisogea tukaegesha mbele ya bucha. Aliniuliza yule mtu alitokea wapi. Nilimwambia hakutokea popote, alikuwa kushoto kwetu muda wote. Aliangalia nyama zilizotundikwa dirishani.

"Mimi sikumwona," alisema. "Sikumwona mpaka alipoweka mkono."

Halafu akanieleza, palepale, na mimi nilikuwa bado na peremende mdomoni. Ilikuwa tangu mwaka uliopita. Si kwamba upande huo ulikuwa na giza. Hapakuwa na kitu, halafu ghafla palikuwa na mtu. Mwanzoni alidhani ni uchovu, kisha umri, kisha miwani. "Na wewe ulikuwa na kelele zako," alisema. "Ukisema baiskeli, nageuza kichwa, naiona. Ukivuta ile pumzi, naangalia kushoto. Nilikuwa nakukasirikia na nakutegemea."

"Sasa kwa nini uliandika lile swali?"

"Nilitaka kujua kama naweza peke yangu."

Wiki iliyofuata tulikwenda kwenye duka la miwani. Walimwekea kidevu juu ya kijukwaa, wakampa kitufe cha kubonyeza kila anapoona nuru ndogo. Niliketi nyuma yake. Niliziona nuru nyingi ambazo hakubonyeza, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani nisiwe mtu anayeona kila kitu. Kijana aliyempima aliandika barua ya hospitali. Akasema kwa upole kwamba huenda ni presha ya jicho, kwamba miadi itakuwa baada ya wiki tatu, na kwamba mpaka hapo ingekuwa vizuri asiendeshe.

Alisema "vizuri" tu. Hakusema "lazima". Usiku huo huo mke wangu alilishika neno hilo kama wakili.

"Wiki tatu," alisema. "Nikiwaambia kazini siwezi kuendesha wiki tatu, wazee wangu watapewa mtu mwingine. Hawarudishwi, unajua."

"Najua."

"Maktaba inafungua saa nne. Utakuja na mimi asubuhi. Utakaa hapo, utasema."

Ningeweza kukataa. Niliosha kikombe changu, nikakifuta, nikamwuliza tutaondoka saa ngapi.

Kwa hiyo kila asubuhi, saa kumi na mbili kasorobo, nilifunga mkanda na kuanza kazi. "Baiskeli moja, kushoto, bado iko mbali." "Nimeipata." "Mama na kigari cha mtoto, kushoto, amesimama." "Nimempata." Tulikuwa na lugha yetu. Nilijifunza kusema bila kupiga kelele, kwa sauti ya mtu anayesoma habari. Alipoingia kwa wazee nilibaki garini na kitabu na koti zito. Akirudi mikono yake ilinuka sabuni, na alinipa habari za ndani kabla hajawasha injini. Siku tatu za mfungo zilizobaki nilikuwa nimezifuta bila kumwambia mtu. Dereva mstaafu aliponiuliza hali ikoje garini sasa, nilimjibu kwamba Mungu ni mwema.

Afadhali niseme wazi. Tulikuwa watu wawili wazima tukiwahatarisha watoto wote wa Lewisham wanaokwenda shule, na mimi nilikuwa na furaha kama bwana harusi. Miaka kumi na minne nilikuwa nimetangaza hatari na hakuna aliyenihitaji. Sasa nilihitajika kila mita. Kuna asubuhi niliyojikuta nimevaa kabla hajaamka. Mara moja, karibu na shule, msichana mwenye begi la zambarau aliteremka kwenye ukingo, nami nikachelewa kumtaja kwa sababu nilikuwa nimechekeshwa na habari za yule mzee wa kuoga. Msichana alirudi mwenyewe kwenye njia ya miguu. Mke wangu hakujua. Sikumwambia.

Barua ya hospitali ilisema aje na mtu wa kumrudisha nyumbani, kwa sababu atatiwa dawa ya kupanua mboni na hataweza kuendesha. Alituendesha mpaka pale. Nilimtajia njia nzima.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimwangalia macho kwa muda mrefu, kisha akageuza kioo cha kompyuta tukaona picha mbili, moja kwa kila jicho. Ya jicho la kushoto ilikuwa na eneo jeusi lililoanzia ukingoni na kuingia ndani kama chai iliyomwagika. Ya jicho la kulia ilikuwa imeanza kufanya vivyo hivyo kwenye kona moja. Alieleza kwamba ni presha ya jicho kweli, kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba matone ya kila jioni yatalinda kilichobaki. Mke wangu aliitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi, kama anavyofanya kwa mabosi wake.

Kisha daktari akauliza kama anaendesha gari.

Nimeishi na mwanamke huyu tangu chuo. Simjui kwa uongo. Hata kwa wachangishaji wa sadaka barabarani husema kweli, kwamba pesa anazo ila hataki kutoa.

"Mume wangu ndiye anayeendesha," alijibu, kwa Kiingereza chake safi cha kazini.

Daktari alinitazama akitabasamu, kalamu mkononi. Mke wangu naye alinitazama. Ilibidi ageuze kichwa chote, maana nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Macho yake yalikuwa yamepanuliwa na dawa, meusi kabisa, na hayakuwa na ombi. Yalikuwa yananiamini. Alijua kwamba nimepata mafunzo ya kunyamaza.

"Hapana," nilisema. "Mimi sijui kuendesha. Anaendesha yeye. Ametuleta yeye leo."

Na kwa kuwa nikianza siwezi kuacha, nikaendelea. Nikataja wazee sita, saa kumi na mbili kasorobo, mimi pembeni nikitaja baiskeli. Nikamtaja hata msichana wa begi la zambarau. Daktari aliweka kalamu chini. Aliacha kutabasamu lakini hakukasirika. Alisema tu kwamba sasa ni lazima ofisi ya leseni iarifiwe, kwamba watampima tena macho yote mawili kwa pamoja, na wao ndio watakaoamua. Mpaka wakati huo asiendeshe hata kutoka kwenye maegesho.

Mke wangu alimpigia simu msimamizi wake kutoka kwenye korido, akielekea ukutani. Nilisikia samahani tatu. Gari tuliliacha palepale, tukapanda basi. Alikaa dirishani, miwani ya jua usoni kwa sababu ya ile dawa, vituo vikipita.

"Miaka kumi na minne unapiga kelele bure," alisema mwishowe, akitazama mbele. "Siku moja tu niliyotaka unyamaze."

"Najua."

"Hujui."

Binti yetu alikuja jioni ili akalichukue gari hospitalini. Tunamsemesha Kiswahili, anatujibu Kiingereza, na tumezoea. Nilimsimulia yote tukiwa tumesimama jikoni, nikidhani ataniambia nilifanya vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua funguo, akasema nilipaswa kusema wiki tatu zilizopita. Kisha akaenda kumkumbatia mama yake.

Ofisi ya leseni bado haijajibu. Wazee wanne wamepewa mtu mwingine. Wawili wamebaki, walio karibu vya kutosha kuwafikia kwa miguu, na kazini wamemwambia wataona. Anaposikia neno hilo, wataona, huwa anaondoka chumbani. Gari limeegeshwa mbele ya nyumba na hatulizungumzii.

Kikundi cha wanandoa kimesikia. Dereva mstaafu alinishika mkono tena na kusema nimeokoa maisha, huenda na ya mtoto wa mtu, na wengine wakaitikia. Niliwashukuru. Sikuwaambia kisichonitoka kichwani, kwamba pale kwa daktari sikumfikiria mtoto yeyote kabla ya kufungua mdomo. Niliogopa tu, kama ninavyoogopa kila siku, na mbele yangu alikuwepo mtu wa kumwambia. Pengine ndivyo ilivyokuwa, pengine sivyo. Mke wangu hajaniuliza.

Matone anatiwa kila jioni saa mbili. Alijaribu mwenyewe, yakaishia shavuni, kwa hiyo ni kazi yangu sasa. Anakaa kwenye kiti cha jikoni, anainua uso kwenye taa, na mimi nasimama juu yake, kichupa mkononi, nikiusogeza ukope wa chini kwa kidole gumba. Jicho linanitazama kwa karibu sana. Siliulizi linaona nini. Natia tone moja, yeye anafumba, na tunangoja dakika tano zinazohitajika kabla ya kuhamia jicho la pili.